Si Wingi wa Mikono, ni Kelele

Muhula uliopita paa la maktaba lilipovuja, kadi za kuazimia vitabu zilihamishwa mbio mbio zikachanganyika zote, kadi 400. Tukaitwa wanafunzi wanane tuzipange kwa majina, maana bila kadi hakuna kuazima kitabu, na mtihani ulikuwa umeshabisha hodi. Jamani, lilikuwa soko! "Nani ana Charo? Nani ana Jefwa?" Saa mbili zikapita, rundo bado rundo. Mwishowe kazi akapewa kiranja mmoja, akamaliza baada ya siku tatu. Tangu hapo mwalimu wetu husema wapishi wengi huharibu mchuzi.

Kwa heshima zote, Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Kompyuta kubwa za siku hizi nazo ni wapishi wengi, vichakataji maelfu vikifanya kazi kwa pamoja. Kumbe tabu yao kubwa mara nyingi si kuhesabu, ni kupelekeana habari. Kichakataji kinachongoja ujumbe ni mimi niliyesimama na kadi ya Jefwa mkononi! Mwaka 1968 Mmarekani Kenneth Batcher alieleza mitandao ya kupanga ambamo nani atalinganisha na nani huamuliwa kabla kazi haijaanza. Hakuna kuitana.

Sisi tungeweza kukaa mstari mmoja, kila mtu na kadi 50, azipange zake kwanza. Kisha wa 1 na wa 2 waunganishe zao, wa 3 na wa 4 vilevile, hadi wa 8. Wa kushoto abaki na 50 za mwanzo, wa kulia 50 za mwisho. Zamu ya pili, wa 2 na wa 3, wa 4 na wa 5, wa 6 na wa 7. Zamu 8 tu, kadi zote zimepangika, na hakuna aliyesema na mtu ila jirani yake.

Mtasema, si kila mtu apewe herufi zake? Ni sawa, kadi inasafiri mara moja tu. Lakini huku kwetu! Kazungu, Karisa, Katana, Kahindi, Kadzo, Kitsao... Mwenye K atalia, mwenye Q atalala usingizi. Ndiyo maana wenye kompyuta huchota sampuli kwanza, waone majina yamesongamana wapi, ndipo wakate mipaka.

Na huu si mchezo wa maktaba. Hapa Kilifi, mradi wa KEMRI-Wellcome umeandikisha wakazi tangu 2000, zaidi ya robo milioni, ili mgonjwa akilazwa hospitalini aunganishwe na rekodi ya kwao. Rekodi zikivurugika, Kazungu huyu atageuka Kazungu yule.

Kadi zetu zitapangwa upya muhula ujao. Mwalimu, nipe watu saba na meza ndefu ya maabara. Kiranja naye awe mmoja wao, maana yeye ndiye ajuaye K zilivyo nyingi.