Ukoo Usigeuzwe Ngazi

Tumezoea kumkumbuka Mtakatifu Columba kama mtawa aliyeiacha Ireland mwaka 563, akavuka bahari na kuanzisha monasteri katika kisiwa cha Iona. Lakini ukoo wake hakuuacha nyuma. Yeye alikuwa wa Cenél Conaill, tawi la ukoo wa kifalme wa Uí Néill, waliojihesabu kuwa wazao wa mfalme Niall. Baada yake, maabati wengi wa kwanza wa Iona walitoka katika ukoo huohuo.

Je, huo haukuwa upendeleo? Mimi naona tuupime mti kwa matunda yake. Adomnán, abati wa tisa, naye alikuwa wa ukoo huo. Mwaka 697, huko Birr, alifanikisha sheria ya kuwalinda wanawake, watoto na makleri wakati wa vita. Miongoni mwa wadhamini wake alikuwemo mfalme Loingsech, jamaa yake. Damu ya kifalme ilimfungulia mlango, naye akawaingiza wasio na mtetezi.

Huko Armagh ilikuwa kinyume. Ukoo mmoja ulirithishana kiti cha Mtakatifu Patrisi kwa vizazi vingi, hata walei wenye wake wakakikalia, mpaka Mtakatifu Malaki alipoukomesha urithi huo katika karne ya 12.

Nasi mafrateri huulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Kujibu kwa furaha si dhambi. Ila wito haurithiwi. Tujiulize basi: jina la nyumbani kwetu linamfungulia nani mlango, sisi wenyewe au maskini?