"Kwao kuna kansa?"



Majuma machache yaliyopita nilialikwa kwenye kikao cha ukoo huko Kamachumu, wilayani Muleba. Kijana wetu anataka kuoa na wazee walikuwa wanapanga posa. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilizunguka kama ilivyo desturi. Ukoo wa binti unafahamika, muziro wao si wetu, binti ni mwalimu na anaimba kwaya. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka shangazi mmoja alipouliza, "Kwao kuna kansa?"

Ipo. Mama wa binti alifariki kwa saratani ya matiti kabla hajafika miaka hamsini. Mama yake mdogo naye alitibiwa Bugando, Mwanza, kwa ugonjwa huohuo. Sebule ikawa kimya. Ndugu mmoja, mtu wa maombi, akasema hiyo ni laana ya ukoo, na kijana asikanyage kwao mpaka laana ivunjwe. Akataja na mtumishi anayeweza kuivunja, pamoja na kiasi cha sadaka. Posa ikaahirishwa.

Sitaki kumlaumu shangazi. Swali lake ni zuri, na daktari yeyote wa saratani angeliuliza. Ninachogombana nacho ni jibu alilopewa.

Kila mtu hupokea nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Zipo jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, zinazosaidia mwili kurekebisha DNA iliyoharibika. Aliyezaliwa na nakala mbovu ya mojawapo ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya matiti au ya ovari, na kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Nimesema kila mtoto, wa kiume na wa kike. Baba huipitisha sawasawa na mama, hata kama yeye mwenyewe hajaugua kamwe. Na nakala mbovu ya BRCA2 huongeza pia hatari ya saratani ya tezi dume.

Sasa nikuambie jambo ambalo kikaoni hakuna aliyelitaja. Babu mzaa baba wa kijana wetu alikufa kwa saratani ya tezi dume. Tulimzika sote. Lakini alikuwa mzee, alikuwa mwanamume, tena alikuwa wetu, basi kifo chake kikaitwa uzee. Cha mama wa binti kikaitwa laana. (Saratani nyingi za tezi dume hazitokani na jeni hizo, na sidai kwamba ya babu ilitokana nazo. Nasema tu kwamba hatukuuliza.)

Upo pia urithi mdogomdogo. Oktoba 2024 Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua mikro-RNA. Ni vipande vifupi sana, vya herufi kama 22, vinavyojishikiza kwenye ujumbe unaotoka katika jeni na kuuzuia usiendelee. Fikiria msimamizi wa ujenzi anayemwambia fundi, "Basi, ukuta umetosha." Saratani ni ukuta unaoendelea kujengwa bila mtu wa kusema basi. Watu huzaliwa wakitofautiana herufi moja hapa na pale, ndani ya vipande hivyo au mahali vinapotua, na huenda tofauti hiyo ikamfanya msimamizi asisikike vizuri. Mwaka 2008 watafiti walieleza tofauti moja ya namna hiyo kwenye jeni la KRAS, wakaihusisha na saratani ya mapafu. Tafiti nyingine zilizofuata hazikuafikiana. Ndivyo ilivyo kwa nyingi za tofauti hizi: athari ni ndogo, matokeo yanapingana, na watu waliopimwa wengi ni wa Ulaya, Marekani na Asia, si Waafrika. Tofauti kama hizo sote tunazo. Kama ni laana, basi hakuna ukoo Bukoba wala Muleba uliosalimika, na kijana wetu hatapata wa kumwoa.

Katika saratani 100, zinazotokana na jeni moja mbovu iliyorithiwa ni kama 5 hadi 10. Saratani ya shingo ya kizazi, inayowaumiza mama zetu kuliko nyingine zote, husababishwa na virusi, na mabinti wetu wanapewa chanjo yake bure. Ninajua wazazi wa kanisani wanaoikataa chanjo hiyo kisha wanafunga siku tatu kuvunja laana. Nishindwe kusema?

Lakini kuna urithi ambao Muleba haiwezi kuuzungumzia kwa sauti ya kawaida. Mtoto huzaliwa na ualbino pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba jeni hilo, mara nyingi bila kujua. Kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne. Mtoto huyo hana rangi ya kutosha ya kuikinga ngozi yake, na jua letu humletea saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Huu ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa saratani inayofuata urithi, nao pia unazuilika: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa KCMC, Moshi, na daktari wa kuitazama ngozi mara kwa mara kabla kidonda hakijakomaa.

Kamachumu hiyohiyo, Mei 30, 2024, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu aliporwa mikononi mwa mama yake. Mwili wake ulipatikana Juni 17, baadhi ya viungo vimeondolewa. Kati ya waliofikishwa mahakamani Bukoba alikuwamo padri. Hukumu ni ya mahakama, sitaitangulia. Lakini sisi tunaokaa kwenye mabenchi ya kanisa tunajua kwamba fikra ya kuwa mwili fulani umebeba nguvu fulani, baraka au laana, haikutoka mbali. Tunaitumia kwenye posa.

Mkoa wetu ulipaswa kuwa umejifunza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za biashara ya mpakani, na wengi waliamini ni uchawi wa kulipiza madeni. Wakati tunatafuta mchawi, ugonjwa uliendelea kutembea kwa njia yake, na nyumba zikabaki na bibi na wajukuu.

Najua utanirudisha kwenye Kutoka 20, kwamba Mungu huwapatiliza wana uovu wa baba zao. Nimeisoma. Endelea basi mpaka Ezekieli 18, ambapo Bwana anawakataza Israeli methali yao ya zabibu chungu na meno ya watoto. Kisha fika Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na wanauliza kama shangazi yetu: nani alikosa, yeye au wazazi wake? Yesu anakataa yote mawili. Tena hafanyi kikao. Anatema mate, anakanda tope, anampaka macho na kumtuma akanawe Siloamu. Alishughulika na macho.

Ndugu yangu mmoja aliniambia, "Basi hiyo DNA yenu ndiyo laana kwa jina la kizungu." Hapana. Anayetafuta laana anataka mwenye kosa. Anayeuliza urithi anataka kujua nani apimwe mapema. Binti yule anahitaji kuchunguzwa matiti yake tangu sasa, asisubiri uvimbe, na anahitaji mume atakayepanda naye meli ya Mwanza ikibidi. Hilo la meli ndilo ningependa wazee wamuulize kijana wetu.

Maombi nayaheshimu, na nimeombea wagonjwa wengi. Sijaona yakiharibika kwa sababu mgonjwa alikwenda hospitali Ndolage au Rubya asubuhi yake.

Kikao kitakaa tena kahawa ikishavunwa. Nimealikwa, na nimemwambia shangazi tangu sasa kwamba nitauliza habari za babu.