Yeye Anasubiri Treni, Wewe Unamsubiri Yeye

Wapo wanaoleta maua, na wapo wanaokuamsha saa kumi alfajiri mkapige picha ya treni porini. Ukiangukia kwa huyu wa pili, usinune kwanza. Ana hoja.

Chukua reli ya TAZARA. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande kitamu kwa mwenye kamera ni Mlimba hadi Makambako. Hapo reli inaliacha bonde la Kilombero na kupanda milima kuelekea Nyanda za Juu: handaki, daraja, kona, halafu handaki tena. Treni inapanda taratibu, na kwenye kona kali aliyekaa behewa la nyuma anakiona kichwa cha treni kikipinda mbele yake. Picha hiyo huipati mjini.

Sasa kasheshe. Treni ya abiria haipiti kila saa. Mnaweza kukaa kilimani nusu siku kwa ajili ya dakika moja ya mabehewa. Mmoja anafuta lenzi, mwingine anahesabu sisimizi. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na wala si kwa sababu ya treni. Ni ile hali ya kujiona mpweke wakati mtu wako yuko pembeni.

Kwa hiyo elewaneni kabla ya kufunga mabegi: tutasubiri hadi saa ngapi? Nani anabeba chakula? Ulizeni stesheni kama treni ya abiria inatembea siku hiyo, na ombeni ruhusa ya kupiga picha. Msisimame relini, darajani wala handakini, na msitoe vichwa dirishani. Hakuna picha yenye thamani ya shingo ya mtu.

Wewe mwenye kamera, jua liwe mgongoni, kasi ya shata ianzie 1/500, ukishajipanga iweke chini upige stori na mwenzako. Honi itakushtua yenyewe.

Mkirudi nyumbani, hesabu: picha za treni ngapi, za mwenzako ngapi? Kama zake ni sifuri, usishangae safari ijayo akikukabidhi begi la kamera na kukutakia safari njema.

Tukutane mwezi ujao!