Bei ya Gemu Isipimwe kwa Mfuko wa Mmarekani

Si jambo geni kwa mfanyabiashara kuuza bidhaa moja kwa bei mbalimbali kwa kadiri ya uwezo wa watu wa kila nchi, wala mimi silikatai jambo hilo. Ninalolikataa ni kwamba, katika taratibu za kuuza gemu kwa njia ya intaneti, kijana wa Mombasa au Unguja hakufanyiwa hesabu yoyote, bali ameachwa alipe alipayo Mmarekani.

Natutazame duka la Steam, lililo mashuhuri kwa gemu za kompyuta. Mnamo Novemba 2023, kwa kuwa thamani ya peso ya Argentina na lira ya Uturuki ilikuwa haitulii, duka hilo liliziacha sarafu hizo likaanza kuuza huko kwa dola. Walakini ni dola za bei mahsusi, ambazo duka huwapendekezea wachapishaji ziwe chini ya zile za Marekani. Eneo moja la bei hizo huikusanya Uturuki pamoja na nchi kadhaa za Kiarabu, Oman ikiwa miongoni mwao. Hivyo basi ndugu wawili wa nasaba moja, mmoja akiishi Maskati na mwenziwe Unguja, wakiitaka gemu ile ile usiku ule ule, wa Maskati aghalabu hupata nafuu, ilhali wa Unguja, ambaye wastani wa pato la mtu katika nchi yake ni mdogo mno ukilinganishwa na wa Oman, hutozwa bei kamili ya Marekani, na shilingi yake haina nafasi katika orodha ya sarafu za duka hilo. Hii ni dhuluma, hata kama imetokana na kughafilika tu.

Faraja yetu imekuwa diski. Diski ya PlayStation, japo ghali, ni mali ya mwenyewe: huazimwa jirani, huachiwa mdogo wake, hupelekwa dukani ikabadilishwa na nyingine kwa kuongeza fedha kidogo. Gemu ya kupakua haina sifa hizo. Mnunuzi hupewa idhini ya kuitumia tu, na mnamo 2022 Mahakama ya Rufani ya Paris ilikataa kwamba mteja wa Steam ana haki ya kuiuza tena. Wala upungufu huo hauiteremshi bei kwetu: kampuni ya Nintendo ilipotoa gemu ya Mario Kart World mwaka 2025, nchini Uingereza nakala ya kupakua ilitangazwa kwa takriban pauni 67 na ya kaseti pauni 75, lakini Marekani zote mbili zilikuwa dola 80; na bei ya Marekani ndiyo kipimo tunachopimiwa sisi.

Kenya imeweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya huduma za kidijitali zitokazo ng'ambo, na Tanzania nayo ina kodi kama hiyo. Serikali iliyoweza kumwita mfanyabiashara wa mbali aje alipe kodi yaweza pia kumtaka atutengee eneo letu la bei, na ningependa kuliona dai hilo likiwasilishwa kwa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki.