Gari Liinuliwe kwa Kiasi

Wako waungwana wa mjini ambao, wakiisha kununua Land Cruiser, huona fahari kuiinua inchi 4 kwa springi ndefu, wasitambue ya kuwa difu, iliyomo ndani ya ekseli, haipandi hata kidogo kwa springi hizo, bali hupandishwa na tairi peke yake, nayo kwa nusu tu ya kipenyo kilichozidi. Kwa rai yangu inchi 2 zatosha, na tairi ya 7.50R16, ile nyembamba waliyoizoea madereva wa Serengeti, yafaa kuliko pana inayokwaruza madigadi kila ikatwapo kona. Ama anayeshikilia tairi iliyozidi kipenyo kwa asilimia 10, asistaajabu mshale ukisema 80 ilhali gari laenda 88, na breki zikilemewa.