Kubeba na Kuachia
Kabla binti yetu hajaenda shule ya bweni, tulitoka Kitai tukateremka hadi Liuli, tukavuka kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Lundo. Tulitembea juu ya mawe tukitazama ndege. Watoto wakapiga mbizi, wakawaona mbuna, samaki wadogo wa rangi za kupendeza. (Waliooga ziwani wapimwe kichocho wiki kadhaa baadaye.)

Mvuvi akatueleza: mama mbuna hutunza mayai kinywani, wiki tatu hivi, karibu bila kula. Kisha hufungua kinywa, watoto wakaenda zao.

Tulinyamaza. Kubeba tumezoea sisi akina mama. Kuachia ndiko kugumu. Jioni tulimwombea binti yetu. Asubuhi tukamfungia sanduku lake.