Koneksheni haigawanywi kwa usawa

Kijana asiye na kazi siku hizi huambiwa atafute koneksheni, kana kwamba kujuana ni mali ambayo yeyote akijituma ataipata. Wataalamu wa jamii walioichunguza mitandao ya watu wanatupa sababu ya kuutilia shaka ushauri huo. Mwaka 1954 John Barnes aliandika kuhusu Bremnes, parokia ya wavuvi nchini Norway. Aliona kwamba ukijua mtu anaishi kitongoji gani na anavua katika chombo kipi, bado hujajua atamkimbilia nani akikwama. Palikuwa na mtandao wa ndugu, marafiki na jamaa usio na mpaka wala kiongozi. Clyde Mitchell na wenzake wakaitumia dhana hiyo katika miji ya migodi ya nchi ambayo sasa ni Zambia, ambako kabila pekee halikutosha kueleza maisha ya wahamiaji. Kisha mwaka 1973 Mark Granovetter akauliza habari za kazi hupita wapi. Miongoni mwa wataalamu na mameneja wa Newton, Marekani, waliopata kazi kupitia mtu, ni kama mmoja tu kati ya sita aliyekuwa akionana na mtu huyo mara kwa mara. Rafiki wa karibu hujua yale unayoyajua. Habari mpya huja na mtu mnayejuana juu juu, anayezunguka kwingine.

Wapo watakaosema basi kijana ajuane na wengi, maana simu inamfikisha popote. Ni kweli kwamba mwaka 2022 utafiti uliohusisha watumiaji milioni 20 wa LinkedIn ulionyesha kuwa watu wa kujuana kwa kiasi husaidia kuliko wa karibu sana. Lakini kama wote unaojuana nao juu juu ni vibarua na wachuuzi kama wewe, hata wakiwa elfu moja hakuna atakayekudokeza kuhusu nafasi ya uhasibu benki. Kwa hiyo ofisi inayoajiri kwa kuulizana humtupa nje kijana huyo kabla hata hajaandika barua ya maombi, bila mtu yeyote kukusudia kumwonea. Waajiri nao hujitetea kwamba anayependekezwa na mtu wanayemwamini hawatii hasara. Hoja hiyo ina uzito, ila haidai usiri. Nafasi itangazwe hadharani kwanza, na wadhamini waulizwe baada ya maombi kupokelewa.